Asiyetaka Kusumbua

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na hakuna neno aliloliogopa kama kusumbua. Kwake, kusumbua hakukuwa kelele wala ugomvi. Kulikuwa ni kumpigia mtu simu mara ya pili, au kuomba maji ya kunywa nyumba ya watu. Jino lilipomuuma alikaa wiki nzima shavu limevimba, asimwambie mtu, kwa sababu eti sote tulikuwa na shughuli zetu.

Ufa ulipotokea ukutani, nyuma ya cherehani, alimweleza mwenye nyumba mara moja tu.

"Mama, unanisumbua kwa kijistari hicho?"

Hakurudia tena. Akaanza kuupima. Kila Jumatatu aliuwekea alama ya chaki, akaupitishia futi kamba, akaandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno vya wateja: Ukuta, nusu inchi. Ukuta, inchi moja.

"Mteja wangu huyu ananenepa," alinitania.

Nilicheka. Kicheko kile hadi leo kinanikaa vibaya.

Mchana mmoja nilikuta mlango wake haufungi, fremu imelala upande. Ufa ulikuwa umefika darini, mkono unapita. Ghorofa ya juu, kwa jirani mwenye watoto wanne, nilisikia wakikimbizana. Kila kishindo kilitumwagia vumbi mezani.

"Shangazi, toka. Twende tuwaambie na wa juu."

"Ngoja nimalize pindo hili, mwenye nguo anakuja saa tisa."

"Shangazi!"

"Usipige kelele, watu watasikia."

"Si ndiyo wasikie!"

Alinitazama kama nimemtukana. Kisha akatazama dari, vumbi likimwangukia kwenye miwani, akaweka sindano chini.

"Wale watoto," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Wewe una mdomo mkali."

Nilitoka nje kumpigia simu mwenye nyumba.

"Ukoo mzima wasumbufu!" akasema, akakata.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa juu, kwenye kibaraza, mbele ya mlango wa jirani. Ndani redio ilikuwa imefunguliwa sana. Aligonga kwa kidole kimoja, taratibu.

"Hodi jamani. Samahani kwa usumbufu."

Hakuna aliyemsikia. Akarudi nyuma hatua moja, akafumbata mikono, akasubiri.

Chini yake ukuta ukalia, mlio mfupi, mkavu. Nilipiga ukelele nikikimbilia ngazi.

Akanigeukia, amekunja uso, kidole mdomoni, akiniashiria ninyamaze.