Tairi la Jumuiya ya Nne

Nilikuwa sokoni Moshi nikichagua ndizi nilipoambiwa kwamba fundi wangu wa matairi amefariki. Hatukuwa marafiki, tulijuana kama mtu anavyojuana na kinyozi wake. Aliugua, akalazwa, akatutoka, na juzi tumemzika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, huko Kibosho. Alikuwa mtu wa maneno mengi na ahadi chache zilizotimia kwa wakati. Ukiambiwa uje saa nne, saa sita utamkuta bado anakunywa chai. Lakini matairi makubwa, ya malori na magari ya milimani, aliyapenda kwa wivu. Aliamini kwamba gari linalopanda Kibosho wakati wa masika linahitaji matairi yenye kashata za kina, yale meno ya mpira yanayong'ata tope, na yote manne yalingane kama watoto pacha.

Niliiona imani hiyo ikijaribiwa mwaka ambao gari la zahanati ya parokia yao lilibaki na matairi vipara. Ndilo linaloshusha wajawazito hadi hospitali ya mjini, na linavuta kwa magurudumu yote manne. Tangazo lilitolewa baada ya misa, na jumuiya nne, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja, kila moja ikaahidi tairi. Jumuiya tatu zilimuuliza fundi, zikanunua ya aina moja. Ya nne, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mke wa fundi mwenyewe, haikutaka kufanana na wengine. Ilikwenda Himo ikaleta tairi pana, refu kuliko mengine, na ubavuni wakaandika kwa rangi nyeupe jina la mtakatifu wao. Kwetu huku mchango usiotajwa ni kama haukutolewa.

Siku ya kuyafunga nilikuwa gereji kwake nikisubiri zamu yangu. Fundi alilisimamisha lile tairi kando ya wenzake, akamtikisia kichwa mkewe aliyelileta.

"Hii sifungi, Mama."

"Kwa nini, Baba? Si ndiyo nzuri kuliko zote?"

"Ni nzuri, ila ni ndefu. Hii itazunguka taratibu, mwenzake haraka. Gari likivuta kwenye tope, difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, inavunjika, na mgonjwa yumo ndani."

"Pikapu yako umeivalisha matairi ya trekta, mbona hujavunjikiwa?"

"Pikapu yangu haibebi mgonjwa. Ikikwama naiacha, narudi nyumbani kwa miguu."

"Watu wameuza kuku, wameuza ndizi. Nitawaambia nini?"

"Mkwe wetu anajifungua baada ya Pasaka," fundi akasema. "Atashuka na gari gani?"

Mama akaomba kitambaa na petroli, akachutama, akaanza kufuta jina la mtakatifu, maana mwuzaji wa Himo asingepokea tairi lenye maandishi. Nilimwonea huruma, ila hakuonekana kutaka msaada. Siku hiyohiyo walilibadilisha, na fundi akayafunga yote manne: akapaka maji ya sabuni kwenye ringi, akajaza upepo polepole mpaka kingo zikakaa sawasawa. Jumuiya ilikasirika kwamba mwenyekiti ameishusha ikawa sawa na wengine, na uchaguzi uliofuata walimpa nafasi hiyo mtu mwingine.

Mkwe alishushwa na gari hilo mvua ikinyesha, akajifungua salama. Msibani nilimpa pole mjane, nikamuuliza kama aliwahi kujutia uenyekiti ule. "Nilimkasirikia Kwaresima yote," alisema. "Mtoto alipolia, hasira ikaisha."

Kutoa ni moyo, wahenga walisema, na mioyo tunayo. Lakini tumejenga mageti ya shule yenye majina ya wafadhili, huku ndani watoto wamekaa sakafuni, kwa sababu dawati halionekani barabarani. Kila mmoja analeta kikubwa chake, na vikubwa hivyo havifungiki pamoja. Mtoto yule sasa anakimbia mgombani, na si yeye wala mama yake anayejua ni tairi lipi lilinunuliwa na nani. Ukitaka kutoa, uliza kwanza wenzako wameleta nini, kisha leta kinacholingana nacho, hata kama hakuna atakayejua kipi kilikuwa chako.