Nyuzi Tisa

Kila alipokaza fundo, daktari wa ngozi wa Makindu alilihesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, hadi hata wagonjwa Wasomali wasiojua lugha hiyo wakajifunza kuhesabu naye. Siku moja alimtoa mgonjwa wake Wayua uvimbe shavuni. Vidole vinene vya daktari viliisukuma sindano wima, ikatokea ng'ambo ya jeraha. Baada ya fundo la tisa muuguzi akampa Wayua kioo. Mshono ulikuwa umenyooka, naye akamshukuru Mungu kwa uso wake. Lakini daktari aliinama tena, akaona kingo za ngozi zimejikunja ndani. Akachukua makasi, akakata nyuzi zote tisa. Wayua akapaza sauti.

"Uui! Daktari, si ulikuwa umemaliza?"

"Mshono huo ungekuachia mfereji shavuni, mama. Kovu ni wewe utalibeba, si mimi."