Panya wa Chumba cha Baba Mkwe

Panya ukimpiga mgongoni hafi. Huburuta nusu yake ya nyuma, huenda kufia mahali usipofikia, na baada ya muda nyumba nzima inanuka. Sharti umpige kichwani, na umpige mara moja tu. Hayo nilijifunza mwenyewe katika nyumba yetu ya Soweto, Mbeya, mwaka ambao wakwe zangu walikuja kukaa nasi. Kabla ya hapo sikuwa nimepata kuua kitu kikubwa kuliko kuku. Mwaka ule niliua mpaka mikono ikazoea, na sina haja ya kuandika uongo: nilipenda. Nilipenda kile kimya kinachofuata baada ya pigo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Sahani moja ikichomoza mbele ya nyingine siwezi kula nikashiba. Shule niliishia darasa la nne kwetu Kilolo, Iringa. Mengine nimejisomea katika magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba kuna jambo wenzake wote wanalijua, yeye tu hakuambiwa. Kwa hiyo hurudia kazi. Nikishafagia, nafagia tena.

Mume wangu ni Mnyakyusa, anafanya kazi kwenye reli mpya. Mimi ni Mhehe. Nilipoolewa niliambiwa desturi ya kwao: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkikutana njiani unaingia kichakani, unachuchumaa na kujifunika kichwa mpaka apite. Huli naye, humsalimii, huingii mahali alipo. Wanasema si chuki, ni heshima. Madhali yeye alikuwa kijijini Tukuyu na sisi tuko mjini, jambo hilo halikunisumbua. Kisha akapata kiharusi. Upande wake wa kushoto ukafa ganzi, na mume wangu akamleta pamoja na mama mkwe ili awe karibu na hospitali. Tukawapa chumba cha mbele. Mlango wake mmoja ulifungukia barazani, mwingine ukumbini. Mimi nikawa napita uani kama mgeni katika nyumba yangu.

Siku ileile waliyofika, mama mkwe alikuwa amekaa jikoni, chai hajaimaliza, panya akapita juu ya mguu wake. Si kando ya mguu, juu yake. Mama mkwe akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Mkamwana," akasema taratibu, "hapa mnafuga?"

Sikupata usingizi. Nilimwona akirudi Tukuyu kusimulia kwamba mwanawe ameoa mchafu kutoka Iringa. Niliona mahari ikizungumzwa, niliona nikipakiwa kwenye basi nirudi Kilolo na sanduku langu. Hivyo ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi: panya mmoja anapita, mimi nimeshaachika.

Asubuhi nilianza vita. Nilinunua mitego miwili sokoni, ile ya ubao na waya. Mmoja niliufungua wote nijue unavyofanya kazi, nikaufunga upya na kuukaza mpaka ukawa unafyatuka kwa kuguswa na unyoya. Nikaweka dagaa wa kukaanga. Panya akinaswa shingoni, macho humtoka. Akinaswa mguu, huutafuna mguu wake mwenyewe, akauacha hapo na kwenda zake. Asubuhi moja niliukuta mguu wa namna hiyo, mdogo, una vidole kama vya mtoto mchanga. Sikuona huruma. Nilikasirika kwamba mtego haukukaa sawa.

Nyuma ya gunia la mahindi nilikuta kiota. Kilikuwa kimetengenezwa kwa vipande vya kanga yangu ya harusi, na ndani yake kulikuwa na vitoto vyekundu visivyo na manyoya, vimerundikana kama vidole. Nilichemsha maji nikavimwagia. Mama yao hakukimbia. Alitoka chini ya gunia akanijia mimi, mdomo wazi, nami nikamponda kwa mpini wa jembe, nikaendelea kuponda hata baada ya kubaki sakafu tu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu anayekaa mtaa wa pili, alinikuta nikiosha ule mpini. Akashika kiuno na kucheka.

"Mhehe akikasirika hata panya anafunga mizigo!"

"Bado hujaona," nikamwambia.

"Pumzika, wifi. Panya na Soweto ni mapacha. Utamuua mmoja, mwenzake atazaa."

Maneno yale yalinichoma. Nikaanza kuziba matundu. Nilisaga chupa, nikachanganya unga wa vigae na udongo na majivu, nikaujaza kila tundu la jikoni, la stoo, la chumba chetu na la ukumbini. Kwa juu nilisawazisha kwa kiganja chenye maji mpaka ukuta ukawa kama mpya. Pale nilipoona alama ya kidole changu, nilibomoa na kuanza upya. Vidole vilikatwakatwa na chupa, lakini nilikuwa na raha. Baada ya wiki kadhaa hakuna kilichotembea jikoni kwangu. Mama mkwe alipitisha mkono ukutani, akasema, "Sasa hii ni nyumba." Nilikula neno hilo kama chakula.

Kisha akatoka chumbani kwao asubuhi ameshika shuka lenye damu.

Waswahili husema panya hung'ata huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala hashtuki. Kwa mzee hakukuwa na haja ya kupuliza. Mguu wake wa kushoto haukuhisi moto wala baridi. Walikuwa wameanza kisiginoni na kufika kwenye nyama mbichi, naye amelala anakoroma. Mganga wa zahanati alifunga kidonda, akasema kikiendelea kuchokolewa kitaoza, na kikioza, mguu utakatwa.

"Tulipofika walikuwa wanapita tu chumbani," mama mkwe akasema. "Hawakukaa. Sijui siku hizi wamepatwa na nini."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimeziba nyumba nzima isipokuwa chumba kimoja, kwa kuwa chumba hicho sikuruhusiwa kuingia. Panya wote niliowanyima jikoni na stoo nilikuwa nimewasukuma kwa mzee asiyeweza kuvuta mguu wake. Kazi yangu safi ndiyo iliyokuwa ikimla.

Nilimweleza mume wangu. Alipotoka kazini aliziba matundu mawili ya kule kwa matope matupu, huku anasinzia. Kesho yake matope yalikuwa sakafuni. Mitego mama mkwe aliikataa, akihofia ingemkata mzee ule mguu ulio mzima akishuka kitandani. Sumu aliikataa pia. Kila asubuhi nilisikia akifungua bandeji, nikihesabu pumzi mpaka aseme neno.

Ndipo nikapanga msako wa mchana. Wifi ni binti wa mzee, anaruhusiwa kuingia. Mama mkwe ni mkewe. Wao wangeingia na fimbo, mimi ningesimama ukumbini nyuma ya mlango na kuwaelekeza. Niliwachorea sakafuni kwa mkaa: sanduku hapa, kitanda hapa, wataanzia huku, watawafukuzia kule. Wifi alitazama mchoro, akanitazama.

"Wifi, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa jenerali."

Waliingia. Mlango ukafungwa.

"Mama, anza na sanduku!" nikasema kwa nguvu. "Livute taratibu. Wifi, simama mlango wa nje!"

Nikasikia sanduku likiburuzwa, kisha mayowe. Wifi, mwanamke aliyezaa mapacha bila kulia, alikuwa anapiga kelele kama anachinjwa.

"Wako wengi! Mama yangu, wako wengi!"

"Piga!"

"Nipige nini? Wananipanda!"

"Wewe mtoto, shuka kwenye kiti!" hiyo ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Mmoja yuko kitandani! Yuko mguuni kwa baba yako, piga!"

"Siwezi, mama! Siwezi!"

Nilikuwa nimeshika mpini wa jembe kwa nguvu hata ukanitoa lengelenge. Nilishika kitasa. Mama mkwe akakisikia kikilia, akapaza sauti: "Usiingie! Mkamwana, usiingie!" Nikakiachia. Wifi akazidi kupiga mayowe. Nikakishika tena.

Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua, nzito, inayotoka upande mmoja wa mdomo.

"Nifunikeni blanketi," ikasema. "Kichwa chote." Pakawa na mchakacho wa nguo. Kisha, kana kwamba inazungumza na dari: "Mimi nimejifunika. Mlango haujafungwa kwa ufunguo."

Nikajitupia kitenge kichwani, nikakivuta mpaka nikaona sakafu tu na ncha za miguu yangu. Kwa kazi ile sikuhitaji kuona zaidi. Niliingia nimeinama.

Wa kwanza alikuwa anatoka chini ya sanduku. Nilimpiga kichwani akatulia. Wa pili alianza kupanda ukuta, nikamgandamiza hapohapo chini mpaka mifupa ikasikika, na damu ikateremka kwenye chokaa. Wa tatu alinipita katikati ya miguu, nikamkanyaga kwa kisigino kitupu, akaning'ata, nikasaga. Wifi juu ya kiti alikuwa anataja majina ya Mungu yote anayoyajua. Mama mkwe alikuwa anapiga kwa ufagio na kukosa. Mimi sikukosa. Kichwani mwangu hapakuwa na Kilolo, wala mahari, wala mtu yeyote anayenihukumu. Kulikuwa na vichwa vidogo na mpini.

Nikakiinua kitenge kiasi cha kuona ukingo wa kitanda. Yule wa kitandani hakukimbia. Alikuwa ameshikilia bandeji na kuivuta, amezama katika kula, mkia umelala juu ya vidole vya mzee. Nilipiga.

Nilisikia milio miwili badala ya mmoja.

Mguu haukutikisika. Chini ya blanketi mzee akauliza, "Amekufa?"

"Amekufa," mama mkwe akasema.

"Basi asitoke mpaka awamalize."

Nikawamaliza. Kazi ilipokwisha, nilitazama mguu, jambo ambalo sikutakiwa kufanya. Kidole gumba kilikuwa kimepinda upande ambao kidole hakipindi, na damu ilikuwa nyingi kuliko damu ya panya. Nikatoka kinyumenyume, nikaenda chumbani kwetu. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Mama mkwe alinikuta nikiwa nazikunja mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hazikukaa vizuri.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemvunja mzee, mama. Na nimeingia."

Akakaa juu ya sanduku langu, kwa makusudi, nisiweze kulifunga. Akasema nyumbani kwao jambo la namna ile lingeitiwa wazee, angechinjwa mnyama wa kuomba radhi, na pangesemwa sana.

"Lakini mimi nilikuwepo. Yeye alikuwa amejifunika, wewe ulikuwa umejifunika. Nani ameona uso wa mwenzake? Sikuona mtu." Kisha akaongeza, "Mguu si uso."

Walimpeleka hospitali. Mama mkwe alisimulia baadaye, akiwa na wifi jikoni, jinsi daktari alivyokigeuza kile kidole na kuuliza kimefanywa nini.

"Nikamwambia panya. Akaniambia, 'Mama, panya gani anavunja mfupa?' Nikamwambia, 'Baba, njoo Soweto uwaone.'"

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Kidole kilikatwa. Mguu ulibaki, na kisigino kikaanza kuota nyama mpya, lakini nililifikiria lile pigo kila nilipokata kuni. Nililipiga upya mara nyingi kichwani mwangu, kidogo kulia, kidogo juu, nikijaribu kumpata panya peke yake. Hata leo sijapata namna.

Yale matundu ya chumba cha mbele niliyaziba mwenyewe, kitenge usoni, mzee akiwa ndani ya blanketi. Niliyaziba kwa chupa na majivu, nikasawazisha. Hatukusemezana. Tangu hapo ikawa hivyo: akisikia chochote darini hugonga ukuta kwa fimbo yake, nami husimama mlangoni mpaka nisikie blanketi likivutwa, halafu huingia na mpini. Mara nyingine nilimkuta panya kweli, nikamuua mbele ya rundo lile la blanketi lililokuwa baba wa mume wangu. Likauliza, "Tayari?" nami nikagonga sakafu mara moja badala ya kujibu.

Siku moja ya masika mama mkwe alikuwa ameenda sokoni. Fimbo ikagonga. Nilichukua mpini, nikangoja, nikaingia. Nilitazama chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, kila kona. Niliinua hata mkeka. Hakukuwa na panya wala dalili ya panya, nami nilikuwa bado nimeinua mpini.

"Huu ukuta," ikasema sauti ndani ya blanketi, kwa upole, "sijui kama unajua kwamba kuna mtu hapa ana kiu."

Nikalaza mpini sakafuni. Nikaenda kuchota maji mtungini, nikarudi na kikombe, nikakiweka juu ya kigoda kando ya kitanda. Nikakigeuza, kishikio kielekee upande wa kulia wa mzee, ule unaofanya kazi.