Simu Moja, Mtu Mmoja

Wenzangu ofisini hapa Kisumu walitaka tuchukue middleware ya bure mtandaoni. Nilikataa, nikaandika yangu. Ni kipande kifupi cha programu, kwa lugha ya Python, kinachokaa mlangoni kama askari. Kila anayeingia kwenye tovuti hupita kwake kwanza. Yangu niliipa sheria moja: simu moja, mtu mmoja. Akaunti ya pili ikifunguliwa kwa simu ileile, huyo ni mwizi, mfungie.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya akina mama wa Usenge wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, ili watangaze mzigo wao kwa wanunuzi wa mjini. Asubuhi ya kwanza askari wangu alifunga akaunti kumi na moja. Nikawageukia wenzangu kwa madaha: "Mnaona wezi?"

Kabla ya saa sita mwenyekiti wa wale mama akanipigia. "Baba, mbona umetufungia?"

Nikamweleza kwamba kuna mtu anatumia simu moja kuingia kwa majina ya watu wengi.

"Ndiyo, ni hii ninayokupigia," akasema. "Tuliichangia sisi wote. Mmoja akiingia, wengine wanageuza omena."

Nilifuta sheria hiyo papo hapo. Middleware yangu ingali kazini, na bado nasema ni nzuri kuliko ile ya bure.

Jioni nilimpigia mama yangu kule kijijini Awasi. Simu ikapokelewa na jirani yake, kama siku zote, kwa sababu ni yao wote wawili.