Ndoo Isiyo na Kitako

Kila siku majirani mnaniambia, "Bibi, andika ile habari ya ndoo," kana kwamba kalamu ni mwiko wa ugali. Shule niliiacha nikiwa bado nachanganya herufi, na mkono huu umezoea sabuni. Basi shikeni, nisisumbuliwe tena.

Miaka ishirini na sita nilifua mashuka ya hospitali. Uchafu haunitishi. Nauheshimu, maana ukiudharau unakurudia. Nilipostaafu nilibaki na chumba cha mwisho uani pamoja na mbwa wangu, Karani. Nilimpa jina hilo kwa sababu hakuna apitaye bila kukaguliwa.

Taabu ilikuwa mavi yake. Nilikuwa nayafunga kwenye mifuko ya plastiki na kuyatupa jalalani. Mvua ikanyesha, mifuko ikapasuka, mzigo ukaelea mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba. Akaja kapandisha suruali.

"Bibi, Jumamosi ijayo nakuja kukagua. Nikikuta hata dalili, mbwa anaondoka."

"Aende wapi? Yeye ndiye anayenijulia hali kila asubuhi, si wewe."

Siku hiyohiyo nikaanza kuchimba kwenye tuta langu la nyanya, niyafukie humo. Jirani yangu, mkunga mstaafu, akapiga kelele dirishani.

"Shoga, hizo nyanya utakula peke yako!"

"Mbolea ni mbolea."

"Ya ng'ombe, sawa. Mbwa ana minyoo inayoingia kwa mtu. Haiogopi hata ubishi wako."

Moyoni nilikubali; mdomoni, thubutu! Nikahamia upande wa maua, mbali na kisima na mboga. Nilikuwa na ndoo kuukuu ya kufulia, kubwa, ina mfuniko. Nikaikata kitako kwa msumeno, nikaizika, mdomo ukabaki juu kiasi cha vidole vinne. Kila asubuhi kinyesi ndani, juu yake konzi mbili za maranda ya mbao, maji kidogo, funika. Wadudu wa ardhini wakapanda kutoka chini, wakafanya kazi bila kusimamiwa. Juu ya mfuniko nikaweka gogo, Karani asije akakagua na huko.

Jumamosi mwenye nyumba akafika na fimbo. Akapekua ua mzima, akanusa kumshinda mbwa. Hakupata kitu. Alipochoka akakaa kwenye gogo.

"Bibi, usinifanye mtoto. Mbwa anakula mara mbili kwa siku. Yanakwenda wapi?"

"Umeyakalia, baba."

Aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, nilisogeza gogo, nikafunua. Akainama, pua keshaikunja. Akaikunjua.

"Mbona inanuka mbao tu? Na ikijaa?"

"Naing'oa, nafukia kwa udongo shibiri nzima, napanda ua juu yake. Ndoo inahamia shimo jingine."

Akakung'uta suruali isiyo na vumbi. "Mbwa abaki." Akafika getini, akarudi. "Kwangu ninao wawili. Huo msumeno unaazimisha?"

Nimemaliza, vidole vinauma. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, ukiwa na ndoo iliyotoboka usiitupe. Niletee nikukatie kitako, pamoja na gunia la maranda kutoka kwa seremala. Chumba cha mwisho uani. Karani atakukagua, simama, akague.