Mkono Ukiinuka

Daktari wa meno akishuka kwenye ndege ndogo inayomleta kijijini huku kwenye barafu, huanza kupuliza vidole vyake, na hata ndani ya zahanati huendelea kuvipuliza, maana hapendi kumgusa mtoto kwa mkono wa baridi. Akifanya kazi hunong'ona, kana kwamba anazungumza na jino lenyewe. Yeye humwahidi kila mtoto jambo moja: "Ukiinua mkono, naacha." Olinka, ambaye utotoni alikandamizwa na watu wazima wawili kwenye kiti cha zahanati hiyo hiyo ili ang'olewe jino, aliyaona hayo kuwa maneno ya kubembelezea tu.

Leo binti yake, Nastasia, ambaye shavu limemvimba, aliinua mkono wakati jino limeshaanza kulegea. Daktari akaweka koleo chini. Rubani akachungulia mlangoni.

"Ukungu unatanda, daktari. Tuondoke sasa au nikuache."

"Nimshike?" Olinka akauliza. "Hutarudi hapa mpaka barafu iyeyuke, na usaha huo utaniulia mtoto."

"Najua, mama Nastasia." Mikono ya daktari ilibaki mapajani. "Nilimwahidi."

Nastasia akamkazia macho daktari, kisha akashusha mkono taratibu.

"Nilikuwa naangalia kama utaacha kweli."

"Sasa niendelee?"

Mtoto aliinua nyusi tu, kama watu wa kwao wanavyoitikia ndiyo, na juu ya barakoa nyusi za daktari nazo zikapanda.