Nilitoka Baharini Wakanipandisha Mlimani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, hasa wajukuu zangu na wenzenu wa huku Meru mnaotafuta kazi za watalii, kaeni chini msome mpaka mwisho. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilisoma mpaka darasa la nne. Lakini mnaniona navyoburuta mguu huu wa kushoto, na kila mmoja ana hadithi yake. Wengine wanasema nilirogwa Unguja. Wengine eti nilianguka kutoka kwenye ndege. Sasa nasema mwenyewe.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu. Nyumba yetu iko juu ya Tengeru, na nilikuwa nashuka na mkungu wa ndizi kichwani hadi sokoni, narudi na debe la mahindi bila kupumzika. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa kila gulio, na wageni wanafungua mashamba ya maua upande wa Nduruma. Nikapata kazi kwa mmoja wao, kulea watoto. Mke wake tulimwita Mama Birgit. Walikuwa na bwawa la kuogelea, na watoto hawatoki humo. Mama Birgit akasema mlezi asiyejua kuogelea ni kazi bure, akanifundisha. Mtu mzima mimi, mwenye binti wa kuolewa, nikajifunza kuogelea nimevaa gauni kuukuu.

Alikuwa pia na mitungi ya hewa, ile ya kubeba mgongoni, unapumua kwa mpira mdomoni ukiwa chini ya maji. Mumewe hakuipenda, na mtu hazamii peke yake. Basi Mama Birgit akanifundisha na hilo niwe mwenzake, humo humo bwawani. Nilikaa chini nikisikia pumzi yangu inavyokwenda kama mvukuto wa mfua vyuma. Nilipenda. Chini kule hakuna mtu wa kukuita.

Wifi yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa.

“Mwanamke wa migombani amekuwa kambare,” akasema.

Mume wangu, Baba Ndeshi, hakucheka. “Mtu akipotea majini tunazika nini?” Ndilo swali aliloniuliza, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Familia ile ikaenda likizo ya meli, nami nikachukuliwa kwa ajili ya watoto. Si meli ya mizigo. Ni meli ya kustarehe, ina vyumba na muziki, inazunguka visiwani na kutia nanga. Binti yangu Ndeshi alikuwa na mimba ya kwanza, lakini tulihesabu tukaona nitarudi mapema.

Ndani ya meli kulikuwa na mwalimu wa kupiga mbizi. Waliojiandikisha kwake walizamia pamoja, na jioni aliwakalisha akawapa masharti. Mama Birgit hakutaka kuongozwa. Alisema kundi lile linatibua maji kama ng'ombe kwenye lambo.

“Tutaenda wenyewe, mimi na wewe,” akaniambia.

Unguja akakodi boti ya injini na mitungi. Tukazamia wenyewe, leo tukarudia na kesho tukarudia, chini sana kuliko bwawa lolote. Niliyoyaona huko sitayaandika, maana nikiyaandika mtataka kwenda. Ila yale masharti ya jioni ya mwalimu hatukuyasikia. Hilo mlishike.

Tulipotoka majini siku ya mwisho, mume wake alikuwa anatusubiri gatini. Alikuwa amepiga simu ofisini kwake Arusha akaambiwa Ndeshi ameshikwa na uchungu. Kwetu, binti akizaa mara ya kwanza, mama yake ndiye wa kumkanda na kumpikia mtori, supu ya ndizi na nyama. Siwezi kuwa mbali. Mama Birgit alihangaika huku nywele zinachuruzika, mpaka akanipatia nafasi kwenye ndege ndogo ya Arusha. Alifanya kwa upendo. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Nilifunga mkanda wa kiti kichwa changu bado kibichi.

Angani bega likaanza kuuma, maumivu ya ndani, kama jino. Ngozi ya tumbo ikawasha. Nikadhani ni chumvi.

Arusha nilipokewa na shemeji yangu Anaeli, mdogo wake Baba Ndeshi. “Shikamoo shemeji. Ndeshi amejifungua salama, mtoto wa kiume.”

Nikamshukuru Mungu nimesimama, na hapo hapo nikaona miguu yangu haiisikii ardhi vizuri.

Tukapanda hadi nyumbani, alikokuwa Ndeshi na mtoto wake. Wakanipa mtoto. Mikono ilimpokea lakini magoti yakakataa, nikaenda chini naye. Wakamwokota wakamtoa chumbani. Akiwa mchanga sikumshika tena.

Asubuhi nilihisi kama nimefungwa kamba ya ng'ombe kiunoni, na chini ya kamba ni ganzi. Mkojo ukagoma. Nasema wazi kwa sababu nyinyi mnaona haya mpaka mnakufa na haya zenu. Tumbo lilijaa kama ngoma na tone halitoki.

Sasa sikilizeni kosa letu. Sisi watu wa mlimani tunaamini homa inatoka chini. Mtu akienda Kikwe huko tambarare, au pwani, akarudi anatetemeka, tunampandisha. Hewa ya juu, maji ya baridi, maziwa, na wengi wamepona hivyo. Basi wakasema nina malaria ya Unguja. Wakanipa vidonge. Niliwaambia nilikuwa ndani ya bahari, wakasikia kwamba nilioga.

“Tumpandishe kwangu,” wifi akasema. Kwake ni juu zaidi, msituni kabisa, ukungu unaingia mpaka jikoni. Wakanibeba kwenye kitanda cha ngozi, wanaume wanapokezana. Kila walivyopanda, kitu mgongoni mwangu kilikaza.

“Mnaniumiza,” nikasema.

“Vumilia, wifi. Tunakaribia hewa nzuri.”

Kule juu miguu ikafa. Wifi alinichoma unyayo kwa sindano ya kushonea, damu ikatoka, mimi sikusikia kitu. Yule yule aliyeniita kambare akajifunika uso kwa kitenge akalia. Kifua nacho kikawa kizito, nikawa nahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Baba Ndeshi aliingia, akanitazama, akasema neno moja: “Hospitali.”

Tulivyoshuka, kifua kililegea kidogo. Sikujua sababu, ila nililiweka hilo akilini.

Hospitali waliniwekea mpira wa mkojo, wakapima malaria wasiione. Daktari alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi pwani. Hakuanza na miguu.

“Mama, kabla ya kuugua ulikuwa wapi?”

“Baharini.”

“Juu ya maji au chini?”

“Chini. Na mtungi.”

Akaweka kalamu mezani. “Na tangu utoke majini umepanda wapi na wapi?”

Nikamtajia. Ndege. Arusha. Nyumbani. Kwa wifi. Kila nilipotaja alifumba macho.

“Kwenu mnapika pombe ya ndizi?” akauliza.

“Mimi sinywi.”

“Sikuuliza kunywa. Dumu lililofungwa likachacha, ukalifungua kwa pupa, inakuwaje?”

“Inafoka.”

“Basi ndiyo damu yako. Chini ya maji mwili ulimeza hewa kwa nguvu. Inatakiwa itoke polepole, ukiwa umetulia pwani. Wewe kila ulipopanda, kifuniko kilifunguka. Mapovu yamekaa kwenye uti wa mgongo.”

Akasema dawa ni chumba cha chuma kilichoko Mombasa, mtu anafungiwa humo na kugandamizwa kwa hewa mpaka mapovu yayeyuke. Nikichelewa, sitatembea tena. Hata nikiwahi, hakuahidi.

Shemeji Anaeli akasimama. “Daktari, pwani ndiko alikougulia. Unataka tumrudishe akamalizikie huko? Mgonjwa wetu tunampeleka nyumbani. Kama ni kufa, afie kwenye migomba yake.”

Na sikilizeni, watu wote waliokuwa pale walitikisa kichwa kukubali. Hawakuwa wabaya. Walinipenda na walikuwa wananiua. Baba Ndeshi alitazama kofia yake. Nikakumbuka kile kifua kilichofunguka tuliposhuka.

“Anaeli,” nikasema, “nyamaza. Mwili ni wangu. Nishusheni.”

Gari la shamba la maua likatupeleka. Daktari alimwekea dereva masharti: asipite Nairobi, maana ni juu, apite Moshi na Taveta, njia ya chini. Nililala nyuma nikivuta hewa ya mtungi wa hospitali. Mtungi tena.

Kile chumba kinafanana na tangi la mafuta lenye kidirisha. Ukifungiwa masikio yanauma, joto linapanda, na nje unaona uso wa mtu tu. Mama Birgit alikuja, akasimama kwenye kidirisha analia. Yeye alizamia kama mimi, lakini alibaki huku chini pwani, hakuumwa hata kidole. Waliniingiza humo tena na tena. Kidole gumba cha kulia kilicheza kwanza. Mkojo ulirudi baada ya wiki nyingi, na siku hiyo nililia kuliko siku ya ubatizo wa watoto wangu. Mguu wa kushoto haukurudi wote. Niliporudi nyumbani mtoto wa Ndeshi alikuwa ameshajua kukaa mwenyewe, akanikataa, akamlilia wifi aliyempikia mama yake mtori badala yangu.

Namshukuru Mungu, daktari yule na wanaume walionibeba, hata kama walinibeba kwenda kubaya. Mnaokwenda baharini, msizamie bila mtu wa kuwaambia masharti, na mkitoka, laleni pwani. Uzazi, msiba, arusi, vyote vitawangoja.

Mtoto yule sasa ni kijana, anaendesha magari ya watalii. Mwezi uliopita aliingia hapa anatoka pwani, ameshika bega, anasema amechoka tu. Nyumba nzima ikainuka. Mmoja anatandika kitanda, mwingine anataka apelekwe kule juu kwa watoto wa wifi akapumzike. Ndeshi anakuja mbio na kikombe cha uji. Nikapiga fimbo sakafuni mpaka wakasimama.

“Ndeshi, weka uji chini. Asipandishwe hatua moja. Kwanza muulizeni, huko pwani alikuwa juu ya maji au chini?”